Kung'atuka, kujiuzulu na kuondolewa: jibu kwa katibu wa chama

Msomaji mmoja wa mtaa wa Umoja, hapa Nairobi, ambaye ni katibu wa chama cha akiba na mikopo, ameniandikia hivi: "Mwenyekiti wetu ametuongoza kwa miaka 11. Mwezi uliopita, baada ya wanachama kuuliza maswali kuhusu mikopo iliyotolewa bila idhini ya kamati, aliandika barua ya kuondoka ilhali muhula wake ulikuwa umebakiza mwaka mzima. Katika kumbukumbu za mkutano niliandika kwamba 'Mwenyekiti ameng'atuka.' Mzee mmoja alisimama akataka neno hilo lifutwe, kwa sababu, alivyosema, mtu aliyesukumwa hang'atuki. Mweka hazina naye akasema kwamba ni neno la heshima tu na kwamba maana yake ni ile ile ya kujiuzulu. Nani yuko sahihi, na neno hili limetoka wapi?"

Ndugu Katibu, mzee wenu ndiye aliye sahihi. Futa "ameng'atuka" na mahali pake uandike "amejiuzulu." Hata hivyo mweka hazina hakulitoa wazo lake hewani, kwa kuwa maneno haya mawili yamekaribiana sana katika magazeti na redio zetu, na wapo wanaoyabadilisha kama mtu abadilishavyo shati. Kwa hiyo ni vyema nieleze kila moja linabeba nini, nikianza na lile lililozua mjadala.

Kung'atuka ni miongoni mwa maneno machache ya Kiswahili cha siasa ambayo tunamjua aliyeyaingiza. Mwalimu Julius Nyerere alilitoa katika Kizanaki, lugha ya kwao Butiama, mkoani Mara, akalitumia kueleza nia yake ya kuuacha urais wa Tanzania. Novemba 1985 alimkabidhi Ali Hassan Mwinyi madaraka, na tangu hapo neno hilo likaenea kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa na Nairobi, likaingia kwenye kamusi, na leo wengi wanaolitumia hawajui kwamba wazazi wao walipokuwa shuleni huenda hawakuwahi kulisikia. Wazanaki, sawa na majirani zao kadhaa wa Mara, ni watu wa marika na vizazi: shughuli za jamii huongozwa na kundi la umri fulani mpaka wakati wake utimie, kisha kundi hilo huwapisha waliokuja nyuma yake. Anayeondoka kwa utaratibu huo hajashindwa na hajafukuzwa. Anabaki kuwa mzee anayeheshimiwa na kuombwa ushauri, ila rungu limo mkononi mwa wengine.

Kwa Mkenya picha hii si ngeni. Wakikuyu walikuwa na ituika, sherehe kubwa ambayo kwayo kizazi cha Maina kiliwaachia uongozi Mwangi, na baada ya miongo kadhaa Mwangi nao wakawaachia Maina, huku kizazi kinachoingia kikitoa mbuzi na kondoo kwa kile kinachotoka. Nimeutaja utaratibu huo kwa sababu unaonyesha jambo ambalo tafsiri ya haraka ya kung'atuka hulipoteza: kuondoka kwa mzee na kuingia kwa kijana vilikuwa tendo moja. Hakukuwa na kiti kilichoachwa wazi kwa ghafla hata watu wakakimbilia kutafuta wa kukikalia.

Wapo pia wanaolisikia ndani ya kung'atuka lile neno la Kiswahili "ng'ata," pamoja na kiambishi cha kutendua tunachokijua katika fungua na funguka au ziba na zibuka, hivyo kwamba aliyeng'atuka ni aliyeyaachia meno kwenye kitu alichokuwa amekiuma. Kama historia ya neno, mimi sitaegemea hapo, maana Mwalimu alilitoa Kizanaki. Lakini sikio la Mswahili haliulizi historia kwanza, na nadhani mfanano huo ndio uliolirahisishia neno njia ya kukubalika. Limekaa vizuri pia mkabala na kinyume chake, kung'ang'ania, kwa sauti na kwa maana, na mhariri yeyote wa kichwa cha habari hujua kwamba sauti ni nusu ya kazi yake.

Sasa tazama jinsi Nyerere mwenyewe alivyoondoka madarakani, kwa kuwa hakuondoka mara moja. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru wa Tanganyika, aliuacha uwaziri mkuu, Rashidi Kawawa akashika nafasi hiyo, naye akaenda kukijenga chama cha TANU. Kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amerudi, mara hii akiwa Rais. Tukio hilo huitwa kujiuzulu, na ni sawa liitwe hivyo, kwa kuwa aliacha wadhifa mmoja akiwa bado katikati ya safari yake ya uongozi. Mwaka 1985 mambo yalikuwa tofauti: aliwaachia wengine dola asiirudie. Hata hapo, wakali wa lugha na wa siasa wanaweza kumdai salio, kwa kuwa aliendelea kuwa mwenyekiti wa CCM hadi 1990, katika nchi ambayo chama kilikuwa kimoja na kilishika hatamu. Mimi huona kwamba aling'atuka kwa awamu mbili, na kwamba ile ya pili, ambayo husimuliwa kidogo, ndiyo iliyoikamilisha ya kwanza.

Kutokana na hayo, nikisoma kwamba fulani "ameng'atuka" natarajia kwamba alikuwa na uwezo wa kuendelea kukaa, kwamba uamuzi wa kuondoka ulikuwa wake, na kwamba aliona wakati wa wengine umefika. Senghor wa Senegal aliyeuacha urais siku ya mwisho ya mwaka 1980, katikati ya muhula, na kumwachia Abdou Diouf, aling'atuka. Mandela, ambaye katiba ya Afrika Kusini ilimruhusu kugombea muhula wa pili lakini akaondoka mwaka 1999 baada ya mmoja tu, aling'atuka. Papa Benedict XVI, aliyetangaza uamuzi wake tarehe 11 Februari 2013 na kuondoka mwishoni mwa mwezi huo, aling'atuka pia, na kwake neno hili linafaa kwa namna ya pekee: sheria za Kanisa, katika kanuni ya 332, hudai kwamba Papa aondoke kwa hiari na atangaze uamuzi wake ipasavyo, wala hazihitaji mtu yeyote aupokee au kuukubali.

Hapo ndipo kujiuzulu kunapojitenga. Mzizi wake ni "uzulu," neno lenye asili ya Kiarabu, ambalo maana yake ni kumwondoa mtu katika cheo: sultani alimuuzulu waziri, mkubwa alimuuzulu mdogo. Ukiweka "ji" mbele yake, unapata mtu anayejifanyia mwenyewe kile ambacho mwenye mamlaka angeweza kumfanyia. Kitenzi chenyewe hakisemi kama aliondoka akiwa na furaha au hasira, kama alikuwa msafi au mchafu, kama aliombwa au aliamua peke yake. Kinachosema ni kwamba hati ya kuondoka ina sahihi yake. Ndiyo maana wanasheria wanakipenda. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 146, inatambua kwamba kiti cha Rais kinaweza kubaki wazi kwa Rais kujiuzulu kwa maandishi yaliyoelekezwa kwa Spika wa Bunge la Taifa, na gavana naye, kwa kifungu cha 182, humwandikia spika wa bunge la kaunti. Kuna barua, na kuna wa kuipokea.

Kwa kuwa kitenzi hiki hakimhukumu mtu, kinaweza kubeba visa vilivyo mbali kama mbingu na ardhi. Mwinyi niliyemtaja alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani katika miaka ya 1970, akajiuzulu kufuatia vifo vya watu mkoani Shinyanga waliokuwa mikononi mwa vyombo vya dola, ingawa hakuvitenda yeye; watu wengi walikiona kitendo hicho kuwa cha uadilifu. Aboud Jumbe, Rais wa Zanzibar, alijiuzulu Januari 1984 baada ya kubanwa vikali na wenzake katika kikao cha chama huko Dodoma, na aliyekuja kukikalia kiti chake ni huyo huyo Mwinyi. Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sababu ya sakata la Richmond, la mkataba wa kuzalisha umeme. Visa vyote vitatu ni vya kujiuzulu, na hakuna mzungumzaji makini atakayeviita kung'atuka, hata kile cha kwanza kilicho cha heshima kabisa. Nakitaja hiki cha kwanza kwa makusudi, Ndugu Katibu, ili mweka hazina wenu asidhani kwamba heshima ndiyo inayotofautisha maneno haya. Mtu anaweza kujiuzulu kwa heshima kubwa na bado asiwe ameng'atuka.

Kuna kundi la tatu la maneno, la wale ambao hawakuandika barua yoyote. Nairobi yetu ilitoa mifano miwili katika mwaka mmoja, ikiwa bega kwa bega. Agosti 2020 Beatrice Elachi aliuacha uspika wa bunge la kaunti: alijiuzulu. Desemba mwaka huo huo Gavana Mike Sonko alipigiwa kura ya kuondolewa na bunge la kaunti, na Seneti ikaidhinisha: aliondolewa. Kwa tendo hili la pili magazeti yetu yana ghala lililojaa, kwani utasoma kwamba gavana ametimuliwa, amebanduliwa, ameng'olewa, amevuliwa mamlaka, na miaka ya karibuni utasoma pia kwamba "ameng'atuliwa." Naibu Rais Rigathi Gachagua alipoondolewa Oktoba 2024, "hoja ya kumng'atua" ilikuwa maneno ya kila siku.

Kisarufi siwezi kuwalaumu waandishi hao. Kiswahili kina jozi nyingi za namna hiyo, ambapo kitenzi kimoja husema jambo limetokea na mwenzake husema kuna aliyelitenda: pasuka na pasua, banduka na bandua, ng'oka na ng'oa. Aliyesikia ng'atuka akaunda ng'atua ametumia akili ya lugha yake. Lakini kwa upande wa maana amelifanyia neno hili dhuluma, kwa kuwa hiari ndiyo iliyokuwa roho yake, na mtu hang'atuliwi kama vile ambavyo mtu hatubishwi kwa viboko. Isitoshe, hatukuwa na njaa ya neno hilo. Ng'oa, bandua na timua zilikuwapo, na kila moja ina ukali wake. Sitarajii kwamba matumizi hayo yatakoma kwa sababu mimi siyapendi, na mwanafunzi atakayeyatumia kwenye insha hatakuwa amekosea kiasi cha kunyang'anywa alama. Katika hati rasmi, hata hivyo, mimi ningeandika "kuondolewa."

Swali lililo gumu zaidi ni la wito wa mitaani. Katika maandamano ya vijana ya mwaka 2024 tulisikia na kusoma madai kwamba kiongozi "ang'atuke." Je, inawezekana kumwamuru mtu afanye jambo kwa hiari? Nadhani inawezekana, na kwamba hapo neno halijapotoshwa. Anayesema "ang'atuke" bado anamwachia mhusika mlango wa kutoka kwa miguu yake mwenyewe. Anayesema "ang'olewe" ameufunga. Lakini akishatoka baada ya shinikizo hilo, mwandishi wa habari anayesimulia kilichotendeka anapaswa kuchagua upya, na mara nyingi atalazimika kuandika "amejiuzulu." Robert Mugabe wa Zimbabwe alitakiwa ang'atuke, lakini barua iliyosomwa bungeni Harare tarehe 21 Novemba 2017, jeshi likiwa mitaani na hoja ya kumwondoa ikijadiliwa, ilikuwa ya kujiuzulu.

Kustaafu ni jambo jingine. Anayestaafu amefikia ukomo uliowekwa na sheria, iwe ni umri au idadi ya mihula. Daniel arap Moi alipomwachia Mwai Kibaki mwaka 2002, na Kibaki alipomwachia Uhuru Kenyatta mwaka 2013, mihula yao ilikuwa imekwisha kikatiba, kwa hiyo tunawaita marais wastaafu na wala hatukosei. Wapo wanaosema kwamba Moi aling'atuka, hasa wakimlinganisha na viongozi wa nchi nyingine waliobadilisha katiba ili wabaki. Siwapingi sana, kwa kuwa kuitii sheria wakati una nguvu za kuipindisha ni aina ya hiari. Lakini neno sahili la tukio hilo ni kustaafu, na sifa za ziada zinaweza kuelezwa kwa sentensi nyingine.

Kuna na wale ambao hawajaondoka kabisa, bali wamejiweka pembeni. Oktoba 2010 Waziri wa Mambo ya Nje, Moses Wetang'ula, alikaa kando wakati suala la ununuzi wa ardhi na jengo la ubalozi mjini Tokyo lilipokuwa likichunguzwa, na mwaka uliofuata akarejea wizarani. Hapo husemwa "amekaa kando" au "amejiondoa kupisha uchunguzi." Kama barua ya mwenyekiti wenu ilisema hivyo, basi hata "amejiuzulu" litakuwa kosa, na kosa la hatari, kwa sababu mtakuwa mmemtangaza nje mtu ambaye bado ni mwenyekiti. Isome tena barua kabla ya kuandika neno lolote.

Misemo kama kuachia ngazi na kubwaga manyanga ni mizuri kwa vichwa vya habari na mazungumzo, na kupigwa kalamu ni ya mtu aliyefutwa kazi. Hakuna kati yake inayofaa kwenye kumbukumbu.

Nirudi kwa mweka hazina, kwa sababu hoja yake ya heshima inastahili jibu kamili. Ni kweli kwamba mnapotaka kumsitiri mtu mliyekaa naye miaka 11, neno laini hupunguza makali, na utu huo mimi siudharau. Lakini kumbukumbu za mkutano husomwa na watu ambao hawakuwepo. Mkaguzi wa hesabu atakayekuja mwaka ujao, au ofisa wa ushirika atakayeitwa kuangalia ile mikopo, akikuta "mwenyekiti ameng'atuka" ataelewa kwamba mzee alichoka, akawapisha vijana, mkapiga makofi. Atakuwa ameelewa Kiswahili vizuri, na atakuwa amepotoshwa na katibu. Akikuta "ameondolewa," atatafuta kura iliyopigwa na asiione. "Amejiuzulu" halimtukani mwenyekiti, halimpambi, na linalingana na karatasi iliyomo kwenye faili.

Kwa hiyo ninapendekeza ingizo la namna hii: "Katibu aliusomea mkutano barua ya Mwenyekiti ya kujiuzulu. Mkutano uliipokea barua hiyo. Makamu Mwenyekiti atakaimu nafasi hiyo hadi uchaguzi utakapofanyika kwa mujibu wa katiba ya chama. Suala la mikopo iliyotolewa bila idhini lilikabidhiwa kwa kamati ya usimamizi." Angalia kwamba kujiuzulu na mikopo vimeandikwa kwa sentensi mbalimbali. Barua isipotaja mikopo kuwa sababu, wewe usiitaje kuwa sababu. Kazi hiyo ni ya kamati. Kama wanachama wanataka kumshukuru kwa miaka aliyowatumikia, mnaweza kupitisha azimio la shukrani, likaandikwa kama ajenda inayojitegemea.

Yamebaki mambo madogo ya uandishi. Ng'atuka ni kitenzi kisichochukua yambwa, kwa hiyo mtu hung'atuka madarakani au katika uenyekiti, hasemwi "amekingʼatuka kiti." Huku Kenya tumezoea kusema mamlakani, wenzetu wa Tanzania husema madarakani, na yote mawili ni sawa, labda sisi tunaliepuka la pili kwa kuwa Madaraka kwetu imekuwa kwanza siku ya tarehe 1 Juni. "Kung'atuka madarakani" inatosha bila kuongeza "kutoka," ingawa aliyeongeza hajavunja sarufi. Kujiuzulu nako hukubali "wadhifa," "uenyekiti" au "kutoka katika" bila shida. Mwisho, usiiache ile ritifaa: ng'atuka huanza kwa sauti ya ng'ombe, si ya ngoma, na simu nyingi huila alama hiyo mtu anapoandika kwa haraka. Katika rasimu uliyonitumia imeliwa mara mbili, na iko salama mara moja.